Kichwa cha Kibua Alichokikataa Nyapara

Nimestaafu. Msicheke. Najua kichwani sina mvi hata moja na mama yangu bado ananiuliza nitaolewa lini, lakini kazi ya kaunta kwenye duka la dawa za mifugo pale Mtoni niliifanya tangu nilipomaliza chuo, ikaisha, na siirudii tena. Siku hizi niko ofisini Kinondoni, nyuma ya meza isiyo na unyoya hata mmoja. Mtu aliyeacha kazi na bado anaiota, mie namwita mstaafu.

Nilikusudia kunyamaza. Kisha juzi, kwenye kundi letu la wasapu, lile la wahitimu pamoja na nyie mnaoanza mafunzo ya fildi, mmoja wenu akauliza: "Wakubwa shikamooni. Paka anayechagua chakula anapewa nini ili aache maringo?" Swali halikunikera. Kila mtu huuliza kwa maneno aliyonayo. Kilichonikera ni majibu. Mmoja akaandika mnyime, njaa ikimbana atakula. Mwingine akauliza paka wa uswahilini anachagua nini. Watatu wakaweka vikatuni vya kucheka, safu nzima. Watu wenye shahada ya wanyama. Nikaandika jibu, nikalifuta kwa kuwa lilikuwa kali. Nikaandika la upole, nikalifuta kwa kuwa upole ulizidi na hamngejua kuwa nimekasirika. Kwa hiyo nawaandikia kirefu, na msiponipenda baada ya hapa, basi.

Tuanze na hilo neno lenu, maringo. Ningekuwa na mamlaka ningeliondoa kwenye kaunta zote za jiji hili. Mteja akishasema paka wake anaringa, ameshamhukumu. Haangalii tena kama pua imeziba, kama jino limeoza, kama chakula kimetoka kwenye friji kikiwa baridi kama bati. Na wewe uliyesoma ukimwitikia, mmekuwa mahakimu wawili na mshtakiwa hana lugha.

Mwenye duka letu alikuwa Dokta Komba, mtu wa Songea, ofisa mifugo aliyestaafu kwa mvi za kweli. Hakuwa na subira na neno hilo hata kidogo. Mteja akilitamka, Dokta aliacha anachofanya, hata kama ni kuhesabu chanjo za kuku, na kumuuliza: "Mara ya mwisho ulipokuwa na mafua, pilau ilikuwa na ladha gani?" Mteja angefikiri kidogo na kusema kama boksi. "Haya," Dokta angesema, "basi paka wako anakula boksi."

Hiyo ndiyo elimu yenyewe, na ingawa ilinigharimu mihula mizima chuoni, mie niliielewa pale, nimeshika ufagio. Ulimi wa paka una vionjio vichache mno ukilinganisha na wetu. Pua ndiyo inayoamua. Paka husogea, hunusa, na pua isipotoa ruhusa ulimi hautoki. Ndiyo maana paka mwenye mafua hukaa mbele ya dagaa kama mtu aliyewekewa gazeti la lugha asiyoijua. Mfute pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, pasha chakula kidogo kifikie joto la mwili, joto la panya aliyekamatwa sasa hivi, halafu uone. Chakula cha baridi hakitoi harufu. Na sahani iwe pana, maana wengi hawapendi sharubu zao ziguse kingo kila wanapoinama. Mambo madogo hivi. Niliyasema kila siku pale kaunta na kila siku kuna mtu aliniangalia kama namwambia paka anahitaji kitambaa cha meza.

Na msinitajie kwamba njaa itamnyoosha. Mbwa anaweza kukaa bila kula, akakonda, akarudi. Paka akikaa siku chache tu tumbo tupu, hasa aliyekuwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia ini na ini hulemewa. Macho na fizi vinakuwa vya njano. Hapo ndipo walipokuwa wakiniletea paka ndani ya mfuko wa rambo na kusema dada, naona sasa amepunguza maringo.

Nitulie. Nilijiahidi nitatulia.

Sukari paka haionji kabisa. Kinachopokea utamu kwenye ulimi wetu, kwake hakifanyi kazi. Watu hubisha: mbona wangu anakula keki? Anafuata siagi na maziwa, si sukari. Anapenda mafuta, na anapenda ile ladha ya nyama, ile inayobaki mdomoni ukinywa mchuzi wa mifupa. Uchungu, huo anauona mara moja, na ana sababu, kwa kuwa sumu nyingi ni chungu. Mjue hilo kabla hamjatoa kidonge. Mwalimu mmoja wa Chamazi tulimpa dawa ya minyoo ya paka wake. Kesho yake akaja mbio, jasho linamtoka, anasema paka ana kichaa, anatoa povu, wamemfungia chooni na majirani wameshika fimbo wanamsubiri atoke.

Dokta Komba hakunyanyuka. Alimuuliza amempa nini.

"Dawa uliyonipa, Dokta."

"Na nini?"

"Na asali. Nimeweka nyingi, uchungu usimsumbue."

"Mwalimu, asali ile umeionja wewe. Yeye umempa uchungu ndani ya gundi."

Povu lile lilikuwa mate tu, paka anajaribu kuutoa uchungu. Dokta aliondoka na mwalimu kwa bodaboda na wakawahi zile fimbo. Lakini paka yule hakuigusa tena sahani ile ya asali, hata ilipowekwa dagaa wa kukaanga. Paka akipata ubaya mahali, anakumbuka mahali. Shikeni hilo, maana linakuja.

Sasa Nyapara.

Keko, kama mnavyojua, ni makochi na vitanda barabarani mpaka unakosa pa kukanyaga. Fundi Sefu alikuwa na karakana yake ya makochi pale, na adui mkubwa wa makochi si mvua, ni panya. Panya anaipenda sponji kuliko mteja anavyoipenda. Kwa hiyo karakana ilikuwa na paka, dume la rangi ya chungwa, mashavu mapana, sikio moja limechanika. Walimwita Nyapara kwa kuwa alikaa juu ya rundo la mbao, macho nusu, akiangalia wengine wakifanya kazi.

Pembeni ya karakana alikuwapo Mama Shani, mjane wa kutoka Lindi, mama ntilie. Wali, ugali, vibua vya kukaanga na vibua vya nazi. Kila mchana, kabla hajamhudumia mtu, alimwekea Nyapara kichwa cha kibua kwenye sahani yake pale karakana. Mafundi waliopanga foleni walikuwa wanangoja hilo kama kipyenga. "Nyapara kaonja, twendeni." Ulikuwa utani wa sifa, na Mama Shani mwenyewe aliupenda.

Siku moja Nyapara hakula. Alisogea, akanusa, akageuka. Kesho yake vilevile. Kijana mmoja mshona vitambaa vya makochi, Jumbe, mtu wa sauti kubwa, akasema pale kwenye foleni mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia: "Jamani, kama Nyapara kakataa, mie ni nani nikubali?"

Watu wakacheka. Wakiwa wanacheka hivyohivyo, wawili watatu wakavuka barabara kwa muuza chipsi. Kesho yake wakavuka wengine. Kufikia mwisho wa wiki karakana za mbele, ambako hawamjui hata Nyapara mwenyewe, zilikuwa zinasema Mama Shani anapika samaki walioharibika. Hakuna aliyeumwa tumbo. Hakuna aliyeonja akakuta kasoro. Na mwenye eneo akaanza kupita pale akiangalia masufuria yaliyojaa mchana, anamwambia Mama Shani kwamba muuza chipsi anatafuta mahali pakubwa zaidi. Mama yule alikuwa anaishi kwa kibanda kile. Hakuwa na kingine.

Fundi Sefu akaleta paka dukani ndani ya boksi la vigae.

"Dada dokta, huyu kalishwa kitu."

Mie si daktari, na nilimwambia, kama nilivyomwambia kila mtu, na hakusikia, kama wote. Nilimpima Nyapara. Joto sawa, fizi sawa, meno yapo, tumbo laini. Macho yana maji kidogo. Amekonda, anaishi kwa panya tu. Kichwani nilikuwa nimeshaorodhesha magonjwa yote mpaka yale ambayo hayajawahi kufika Afrika. Dokta Komba akachukua dagaa wawili kutoka kwenye bakuli la chakula chake cha mchana, akawaweka kaunta. Nyapara akawala, akalamba na kaunta.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kwa sababu Fundi Sefu alipiga makofi. "Si mnaona wenyewe? Cha huku anakula. Cha Mama Shani hataki."

Akaondoka na ushahidi. Kutoka dukani kwetu. Kabla jua halijazama Keko nzima ilijua kwamba hata madaktari wa Mtoni wamethibitisha.

Niliwaza mpaka Dokta akachoka kunitazama. Akaniambia, "Hapa anakula, kwa hiyo shida iko kule. Nenda kaangalie anakolia chakula, acha kuniangalia mie."

Nilipofika Keko, kwanza nilimwamkia Mama Shani. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, wali umefunikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima mie au paka?"

Nikaagiza chakula. Nilikula kibua cha nazi mbele ya watu wote, nikala na mchuzi wote, makusudi. Kilikuwa kitamu. Nilitaka waone. Jumbe akasema, "Dokta akiumwa sasa sisi tumpeleke wapi?" Wakacheka tena.

Kisha nikamwomba Mama Shani apashe kichwa cha kibua, kisiwe cha moto, kiwe cha uvuguvugu. Nilimshika Nyapara, na Fundi Sefu akakichukua kichwa akakiweka kwenye sahani ya paka, palepale karakana. Mafundi walikuwa wamekusanyika, misumari mdomoni, wengine wamepanda juu ya makochi yasiyo na vitambaa ili waone. Nyapara akasogea. Akanusa. Halafu akaanza kuparua sakafu kuzunguka sahani, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, taratibu, kama anavyofukia kinyesi chake.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. "Anazika!" "Jamani, chakula kimefariki." Mmoja akavua kofia kwa heshima za mwisho. Mama Shani alifungua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya sufuria. Hakulia. Ningependelea alie.

Paka hufanya hivyo. Porini hufunika chakula asichokula, harufu isimwite adui. Si tusi. Lakini nani alikuwa ananisikiliza? Nilipiga magoti mbele ya ile sahani nikanusa mwenyewe, na machozi yakanitoka, si ya huzuni.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Sahani yake. Ile ya zamani ilivunjika siku tunapakia makochi ya mteja."

"Hiki ni kifuniko cha kopo."

"La vanishi, ndiyo. Lakini nimekiosha, sista. Mie si mchafu."

"Umekiosha na nini?"

"Na thina, ile ya kuyeyushia rangi," akasema, kwa fahari. "Si unaona kinavyong'aa?"

Nikamwambia anuse. Akakiinua mpaka puani, akavuta, akavuta tena, akatikisa kichwa. "Vanishi sinusiagi tena mie. Toka utotoni niko nayo."

Mnaelewa? Karakana nzima ya watu ambao pua zao zimeshazoea thina, wamemwekea chakula mnyama anayekula kwa pua, juu ya thina, halafu wakamhukumu mpishi. Niligeuka kuwaeleza. Nilianza na pua, nikaeleza kwa nini alikula dagaa dukani, nikafika kwenye ulimi, nikaona wameanza kurudi kazini. Utani wa Jumbe ulikuwa sentensi moja na ulikuwa umeshafika mbali. Maelezo yangu yalikuwa na vipengele.

Fundi Sefu, nimpe haki yake, alibadilisha sahani. Akaweka nyingine safi palepale penye ile ya kwanza. Nyapara hakupasogelea. Mnakumbuka sahani ya asali. Nilimwambia Fundi ahamishe mahali, ampe muda. Akasema hana muda wa kumbembeleza paka, njaa ikimbana atakula, na asipokula yapo maviroba, atamtia kwenye kimoja akamtupe soko la samaki akachague vizuri.

Mama Shani alisimama. "Nipe mie."

"Mama, huyu ndiye aliyekuharibia."

"Paka hajasema kitu. Waliosema nawajua majina."

Akamfunga Nyapara kwenye kanga, kichwa nje, akaondoka naye. Nilimfuata nyumbani kwake, Mtoni, mitaa michache kutoka dukani. Tulimwekea kichwa cha kibua cha uvuguvugu kwenye sahani ya udongo, kwenye kona yenye hewa, tukakaa mbali na kuangalia pembeni, maana paka asiyejiamini hapendi kutazamwa akila, na mie hilo namwelewa kabisa. Alinusa muda mrefu. Nilijihesabia makosa yote ambayo huenda nimefanya. Kisha tukasikia mfupa unavunjika. Alikula macho yamefumba.

Mama Shani aliangalia, akasema tu, "Kumbe." Halafu akaongeza, "Sasa hapa anaona nani?"

Hilo ndilo lililoniuma. Ukweli tulikuwa nao sakafuni kwake, unatafuna, na foleni ilikuwa bado kwa muuza chipsi. Nilipendekeza nipige video. Akakataa. Nikapendekeza niandike maelezo nibandike kwenye nguzo ya kibanda. Aliniangalia kwa huruma.

Panya ndio waliomsaidia, si mie na shahada yangu. Bila Nyapara waliingia kwenye kochi la mteja mkubwa wa Fundi Sefu, wakazalia ndani ya sponji. Fundi akaja kwa Mama Shani, akazunguka na habari za mvua, mwisho akamwomba paka arudi. Mama Shani akasema sawa, lakini atakula kwangu, pale kibandani, mbali na makopo yenu ya rangi na mavanishi.

Niliomba ruhusa kwa Dokta nikaenda kuona. Mchana ulipofika, Mama Shani aliweka ile sahani ya udongo karibu na jiko, kichwa cha kibua ndani. Nyapara akala, akamaliza, akanawa uso. Ng'ambo wakaona. Kwanza mmoja akavuka, halafu kundi. "Nyapara kaidhinisha." "Nyapara kasaini." Hakuna aliyeomba radhi, hata mmoja, walirudi na vicheko vilevile walivyoondoka navyo. Walimwacha kwa sababu ya paka na sasa wanamrudia kwa sababu ya paka, na katikati yao hakuna aliyetumia ulimi wake mwenyewe.

Jumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. "Mama yangu, naona leo kala. Niwekee kibua cha nazi."

Mama Shani hakufunua sufuria. Aliinama akaichukua ile sahani ya paka, akaipeleka nyuma ya gunia la mkaa, akarudi. Akachota mchuzi kwenye kijiko akamnyooshea.

"Kuanzia leo Nyapara anakula huko nyuma. Hapa mbele wanaonja watu. Onja, baba, ulimi unao."

Jumbe akaangalia nyuma, watu wote wanamtazama. Akaonja.

"Ukoje?"

"Mtamu, mama," akasema taratibu.

"Hapana. Sema kwa sauti ile uliyosemea siku ile."

Akakohoa kidogo, akasema. Mpaka muuza chipsi ng'ambo ya barabara aligeuka.

Dokta Komba alifunga duka baadaye akarudi Songea, nami nikaja huku kwenye meza safi. Mara ya mwisho nilipopita Keko kibanda kilikuwepo, na gunia la mkaa lilikuwa palepale. Wewe uliyeuliza, nusa sahani ya huyo paka wako, halafu niandikie nikusaidie. Na nyie watatu mlioweka vikatuni, nasubiri mwandike jibu la kweli palepale kwenye kundi, kwa sauti ileile.